Kupima Ubora wa Maisha ya Mtoto Mwenye Mzio wa Chakula

Mtoto wa miaka tisa mwenye mzio wa karanga anaweza kumaliza mwaka mzima bila vipele, bila kutapika na bila kulazwa hospitalini hata mara moja. Katika faili lake mwaka huo utaonekana kuwa mwema. Hata hivyo, huenda katika mwaka huohuo hakuhudhuria sherehe yoyote, alikula peke yake shuleni, na kila alipopewa kitafunwa alikirudisha kwa hofu. Kutokuwepo kwa dalili si uthibitisho kwamba mtoto anaishi vizuri. Wakati mwingine ni dalili kwamba amejinyima mengi.

Mzio wa chakula hutokea pale kinga ya mwili inapoitambua protini ya chakula kama adui. Vyakula vinavyohusika mara nyingi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii yake, samaki, kamba, ngano, soya na ufuta. Athari zake huanzia vipele na kuvimba midomo hadi anafilaksia, yaani mshtuko wa mzio unaoweza kuua kwa muda mfupi. Kati ya tukio moja na jingine, mtoto huwa mzima kabisa. Mzigo wake mkubwa ni tahadhari isiyokoma, na mzigo huo hauonekani kwa kipimo cha damu wala cha ngozi.

Uzito wa mzigo huo ulidhihirika katika utafiti mdogo uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2003. Watafiti waliwalinganisha watoto 20 wenye mzio wa karanga na watoto 20 wenye kisukari kinachotibiwa kwa insulini. Wenye mzio walieleza kuwa na ubora wa maisha ulio hafifu zaidi, na waliogopa kula karanga kwa bahati mbaya kuliko wenzao walivyoogopa kushukiwa na sukari.

Ubora wa maisha hupimwa kwa dodoso, nalo ni la aina mbili. Dodoso la jumla, kama PedsQL lenye maswali 23, huuliza kuhusu mwili, hisia, mahusiano na shule, na hufaa kulinganisha magonjwa mbalimbali. Udhaifu wake ni kwamba mtoto mwenye mzio hukimbia na kucheza kama wengine, hivyo matatizo yake mahususi yanaweza kupita bila kugunduliwa. Kwa sababu hiyo yakabuniwa madodoso maalumu ya mzio wa chakula.

Linalotumika sana ni FAQLQ, lililoandaliwa chini ya mradi wa Ulaya uitwao EuroPrevall. Audrey DunnGalvin na wenzake wa Cork, Ireland, walitayarisha toleo linalojazwa na wazazi wa watoto wasiozidi miaka 12. Bertine Flokstra-de Blok na wenzake wa Groningen, Uholanzi, walitayarisha matoleo yanayojazwa na watoto wa miaka 8 hadi 12, vijana wa miaka 13 hadi 17, na watu wazima. Toleo la wazazi lina maswali 30, ingawa kwa watoto wadogo hupunguzwa. Hugusa maeneo matatu: hisia, wasiwasi kuhusu chakula, na vikwazo katika mlo na maisha ya kijamii.

Katika toleo hilo, kila swali hupewa alama 0 hadi 6, kisha wastani hukokotolewa. Mhudumu wa afya akumbuke kwamba alama kubwa humaanisha hali mbaya zaidi, kinyume na PedsQL. Mabadiliko ya takriban nusu alama huchukuliwa kuwa na maana kwa mgonjwa. Kwa mfano, mtoto aliyekuwa na wastani wa 4.2 akishuka hadi 3.6 amepata nafuu anayoihisi; akishuka hadi 4.1 pekee, ni mapema kusema hivyo.

Nani aulizwe? Utafiti wa Uholanzi uliowalinganisha watoto na wazazi wao ulionyesha kwamba wazazi waliukadiria mzigo kuwa mdogo kuliko watoto wenyewe walivyousema. Mtoto anayeweza kujibu na ajibu mwenyewe, na mzazi asimsaidie kuchagua jibu. Tofauti baina ya majibu yao isifutwe, bali ifungue mazungumzo.

Dodoso haliwi Kiswahili kwa kubadilisha maneno tu. Tafsiri hufanywa na watu wawili, hurudishwa katika lugha ya awali na mtu asiyeliona dodoso la kwanza, kisha hujaribiwa kwa familia. Swali kuhusu kula mgahawani laweza kuwa geni kwa mtoto ambaye hatari yake iko kwenye sinia la pamoja harusini, kwenye mafuta ya kukaangia yanayotumiwa tena na tena, au kwenye uji wa shule uliochanganywa unga wa karanga au soya.

Pale dodoso lisipokuwepo, maswali machache bado husaidia: Ni jambo gani mtoto ameacha kufanya kwa sababu ya chakula? Anaogopa nini zaidi? Nani humsaidia anapokuwa mbali na nyumbani? Majibu yaandikwe katika faili na yaulizwe tena baada ya miezi kadhaa. Vyakula vilivyokatazwa bila uthibitisho vichunguzwe upya, maana kila katazo lisilo la lazima humwongezea mtoto mzigo. Jaribio la kulishwa chakula chenye shaka lifanyike chini ya uangalizi wa mtaalamu tu, kamwe si nyumbani.

Mwisho, alama za dodoso hazitambui ugonjwa wala hazitabiri ukali wa tukio lijalo. Kijana asiye na wasiwasi wowote aweza kupata alama nzuri kwa sababu tu hajali hatari. Yeye pia anahitaji elimu, mpango wa dharura wa maandishi, na adrenalini pale daktari anapoiagiza. Lengo la matibabu ni mtoto aliye salama na anayeishi utoto wake. Usalama huonekana katika faili. Utoto wake haujulikani mpaka aulizwe.