Wimbo wa bure kwenye simu ya mtoto: nani analipa?

"Mama, huu wa bure!" Wazazi wengi wa Unguja, kuanzia Mji Mkongwe hadi Mwanakwerekwe, wameshaizoea kauli hii. Mtoto kaona wimbo mpya mtandaoni, hauna bei, anachoomba ni simu kwa dakika tano tu. Mama anatoa simu. Jioni anataka kutuma picha kwa dada yake aliyeko Muscat, bando limekwisha.

Hapo ndipo neno "bure" linapohitaji mazungumzo ya mzazi na mtoto. Kipo kisa kimoja kinachoweza kuyafungua, na kina mkono wa Zanzibar ndani yake.

Mei 1, 2020, wakati skuli zimefungwa kwa sababu ya corona na watoto wako majumbani, bendi ya roki ya Queen ya Uingereza ilitoa wimbo mtandaoni. Haukutoka studio. Mpiga gitaa Brian May alikuwa London, mpiga ngoma Roger Taylor alikuwa Cornwall na mwimbaji Adam Lambert alikuwa Los Angeles, Marekani. Kila mmoja alijirekodi nyumbani kwake kwa simu, kisha vipande vikaunganishwa.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa zamani, "We Are the Champions" wa mwaka 1977. Safari hii jina lilibadilishwa neno moja. Badala ya "sisi" ndio mabingwa, ikawa "nyinyi", yaani madaktari, wauguzi na wengine waliokuwa mstari wa mbele.

Aliyeuimba kwa mara ya kwanza ni Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja Septemba 5, 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara. Familia yake iliondoka visiwani 1964, naye alifariki London mwaka 1991. Wanaopita Shangani wanaijua nyumba yenye makumbusho yake, yaliyofunguliwa 2019.

Je, wimbo ule wa 2020 ulikuwa wa bure? Kuutazama YouTube hakukuwa na malipo. Lakini mapato yake yalielekezwa kwenye mfuko wa Shirika la Afya Duniani wa kupambana na corona. Kumbe kitu kinaweza kuwa bure kwa msikilizaji na bado kikaingiza fedha.

Hapa kuna mambo matatu ya kumfahamisha mtoto.

Kwanza, bure si bila gharama. Bando ni fedha, na video hula bando zaidi kuliko sauti tupu. Matangazo yanayokatiza wimbo nayo ni malipo ya aina yake, kwa sababu mtangazaji ananunua macho ya anayetazama. Nyumba ikipanga siku na kiasi cha bando la burudani, ugomvi hupungua.

Pili, si kila "bure" ni ya kweli. Ukurasa usiojulikana unaotaka namba ya simu au nywila ili mtoto apakue wimbo ni wa kufungwa papo hapo. Mtoto aambiwe mapema kwamba akibonyeza kwa bahati mbaya, aje kusema, hatapigwa. Anayeogopa kipigo huficha, na salio huendelea kukatwa.

Tatu, muziki ni kazi ya mtu. Hili Wazanzibari hawana haja ya kufundishwa na wageni. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri na wenzake hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Aliyekuwa na gramafoni nyumbani aliweza kuwasikilizisha na majirani wasio nayo. Wao walisikiliza bure, lakini ile santuri ilikuwa imenunuliwa.

Na kwenye taarabu, nani asiyejua kutuza? Mtu huingia kwa kadi ya mwaliko, hakulipa kiingilio, lakini wimbo ukimgusa huinuka na noti mkononi akaenda kumpa mwimbaji. Ndiyo maana wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa.

Mtoto anayeelewa hivyo hatamdharau msanii, na pengine yeye mwenyewe ana kipaji. Mzazi akimkuta anajirekodi kwa simu chumbani, asikimbilie kumfokea. Amuulize anaimba nini, masomo yakoje, na nani atauona wimbo huo ukishawekwa mtandaoni. Wimbo ukitoka kwenye simu, kuurudisha ni kazi.

Siku nyengine mtoto akija mbio na "Mama, huu wa bure," simu isitolewe kimya kimya wala isifichwe. Usikilizwe pamoja hadi mwisho, halafu aulizwe: "Mwanangu, huyu aliyeimba, nani kamtuza?"