Kabla ya kununua skrini ya pili, chunguza mgongo wa tarakilishi yako

Na MWANDISHI WETU

MTU anayetafsiri nyaraka, anayenukuu sauti za mikutano au anayesawazisha hesabu za biashara akiwa nyumbani hushinda akifungua na kufunga madirisha kwenye tarakilishi yake. Waraka asilia uko huku, ule anaouandika uko kule, nayo kamusi imejificha chini ya yote mawili. Hapo ndipo wazo la kuongeza skrini ya pili humjia, na si wazo baya.

Taabu ni kwamba wengi huanzia dukani. Huvutiwa na upana wa kioo na wepesi wa bei, wakalipa na kubeba mzigo hadi nyumbani, kumbe tarakilishi yenyewe haina uwezo wa kutoa picha mbili tofauti. Skrini moja huwaka, ya pili ikabaki giza totoro.

Mnunuzi akirudi kulalamika, aghalabu huuziwa kifaa kidogo cha kugawa picha, chenye tundu moja upande huu na mawili upande wa pili. Akikichomeka, skrini zote mbili huwaka kweli, ila zinaonyesha kitu kile kile. Kifaa chenyewe hakina kosa. Kimeundwa kurudufu picha, kwa mfano katika ukumbi wa mikutano wenye runinga kadhaa. Hakiwezi kuzalisha picha ya pili ambayo tarakilishi haikuitoa, na kwa kazi ya mezani pesa hizo zimepotea.

Kwa sababu hiyo, uchunguzi hauna budi kuanzia mgongoni mwa tarakilishi, au ubavuni ikiwa ni kipakatalishi. Hesabu matundu ya picha na uyatambue kwa maumbo yake. Tundu la VGA, ambalo kampuni ya IBM ilianzisha mwaka 1987, lina vishimo 15 katika safu tatu, na skurubu mbili za kukazia waya. Lingali linafanya kazi, ijapokuwa maandishi huweza kuonekana yamefifia kidogo kwenye skrini pana. HDMI ndilo lile la runinga. DisplayPort, lililoanzishwa mwaka 2006, hufanana na HDMI ila limekatwa kona moja tu.

La kutatanisha zaidi ni USB-C, lile dogo la mviringo lililoanza kuonekana mwaka 2014. Matundu mawili ya namna hii yanaweza kufanana kama shilingi kwa ya pili, ilhali moja linapitisha picha na jingine linapitisha faili na chaji pekee. Tazama alama iliyochorwa kando yake: herufi D iliyoshikana na P, au umbo la radi lenye mshale, ni ishara kwamba picha hupita. Pasipo alama, soma maelezo rasmi ya muundo huo wa kipakatalishi kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Wingi wa matundu pia hautoshi. Sehemu inayochora picha ndani ya tarakilishi ina kikomo cha idadi ya skrini inazoweza kuhudumia kwa wakati mmoja. Katika tarakilishi za mezani zilizotumika ng'ambo na kuuzwa tena hapa nchini, chunguza nambari ya prosesa. Core i5-2400 ni ya kizazi cha pili cha Intel, na mitambo ya picha ya kizazi hicho ilihudumia skrini mbili. Core i5-3470 ni ya kizazi cha tatu kilichotoka mwaka 2012, nacho kinaweza kufikisha tatu, mradi kuna matundu yanayofaa.

Bei kubwa nayo si dhamana. Vipakatalishi vya Apple aina ya MacBook Air vyenye prosesa ya M1 ya mwaka 2020 na M2 ya mwaka 2022 vilitengenezwa kuhudumia skrini moja tu ya nje. Ile ya M3 ya mwaka 2024 huhudumia mbili kwa sharti kwamba kifuniko kimefungwa. Ni M4 ya mwaka 2025 iliyoondoa sharti hilo. Aliyenunua toleo la kwanza akitarajia kuunganisha skrini mbili atalazimika kutumia adapta ya DisplayLink, ambayo hupitisha picha kwenye tundu la USB kwa msaada wa programu maalumu. Hufaa kwa maandishi na hesabu, lakini humtwisha prosesa mzigo wa ziada, na sishauri itumiwe na mtu anayehariri video.

Kuna makosa mengine mawili ya waya yanayojirudia mno. Mosi, tarakilishi ya mezani iliyoongezwa kadi ya michoro huwa na matundu ya picha mahali pawili: yale ya awali na yale ya kadi. Mara nyingi yale ya awali huzimika kadi inapowekwa. Unganisha skrini zote kwenye kadi, usigawe moja huku na nyingine kule. Pili, waya wa bei nafuu wenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili hupitisha picha kuelekea njia moja tu, yaani kutoka tarakilishi yenye DisplayPort kwenda kwenye skrini yenye HDMI. Ukiugeuza, hautaona chochote.

Baada ya kuridhika na hayo, sasa nenda dukani. Wauzaji hutaja inchi, ambazo hupimwa kutoka pembe hadi pembe, lakini meza yako inataka sentimita za upana. Skrini ya kisasa ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 hivi na kimo cha 30. Mbili zikikaa bega kwa bega huchukua zaidi ya sentimita 106, bila kuhesabu fremu. Meza ya mita moja haitoshi. Ya sentimita 120 inatosha kwa kubanana.

Kisha uliza idadi ya nukta zinazounda picha. Skrini ya inchi 24 yenye nukta 1920 kwa 1080 huonyesha maandishi ya ukubwa wa kadiri. Idadi hiyo hiyo ikinyoshwa hadi inchi 27, kila nukta hunenepa na herufi kuanza kuonyesha kingo zenye meno. Anayetaka inchi 27 kwa ajili ya kusoma atafute yenye nukta 2560 kwa 1440. Ukubwa peke yake haukuhakikishii kazi nyingi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani uliotangazwa mwaka 2008, tena ukifadhiliwa na NEC iliyokuwa ikiuza skrini, ulionyesha kwamba kasi ya kazi iliongezeka hadi inchi 24 lakini ikapungua skrini ilipofikia inchi 26.

Si lazima skrini zote mbili zifanane. Linalosumbua macho ni tofauti ya kimo na ya unene wa nukta, kwa sababu dirisha linapovuka mpaka kutoka skrini moja hadi nyingine huvimba au kusinyaa ghafla. Hapa pana siri ambayo mwenye mfuko mwembamba ataifurahia. Zile skrini za zamani za inchi 19 zenye umbo la karibu mraba, ambazo wengi huzidharau, zina kimo cha sentimita 30 na safu 1024 za nukta. Skrini pana ya inchi 24 ina kimo hicho hicho na safu 1080. Ukiziweka kando kwa kando, vichwa vyake vitalingana na maandishi yatabaki karibu na ukubwa ule ule. Jozi hiyo huchukua sentimita 91 za kioo, hivyo hutoshea hata kwenye meza ya mita moja. Skrini pana inabeba kazi, ya mraba inabeba kamusi au barua pepe.

Ulizia pia aina ya kioo. Vioo vya TN, ambavyo vilijaa katika skrini za ofisi za bei ya chini, hubadilisha rangi unapovitazama kutoka pembeni au chini. Kwa skrini moja iliyo mbele yako dosari hiyo huvumilika. Skrini ya pili, hata hivyo, hutazamwa kwa pembe kila mara, na ndiyo maana kioo cha IPS kinastahili kupewa kipaumbele.

Kwa skrini iliyotumika, usikubali kuonyeshwa kwamba "inawaka" ukaondoka. Beba kipakatalishi chako na waya wako. Fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, kisha nyekundu. Nyeupe hufichua madoa na nukta zilizokufa. Nyeusi hufichua mwanga unaovuja kingoni. Iache ikiwaka kwa robo saa huku mkiongea bei, kwani skrini nzee zinazotumia taa nyembamba ndani huweza kuwaka vizuri zikiwa baridi kisha zikazimika zikipata joto. Bonyeza vitufe vyote. Geuza mgongo wake uone kama kuna mashimo manne ya skurubu yaliyoachana milimita 100 au 75. Hicho ni kipimo cha kimataifa cha VESA, na pasipo mashimo hayo hutaweza kuifunga kwenye mkono wa chuma.

Mkono wa chuma unafaa sana kwa meza finyu, kwa sababu huondoa visimamio vyote viwili na kuacha nafasi ya daftari. Hata hivyo, hubana ukingo wa meza kwa nguvu, na meza ya maganda ya mbao yaliyoshindiliwa huweza kumomonyoka. Weka kipande cha ubao mgumu juu na chini ya kibanio. Isitoshe, fundi wa vyuma wa jua kali anayepewa vipimo vya VESA anaweza kuchomelea kisimamio imara kabisa. Mashimo hayo hupokea skurubu za M4, ila zisiwe ndefu kupita kiasi zikachoma kioo kutoka nyuma.

Sasa tufike kwa shingo, ambayo ndiyo hulipia mpangilio mbaya. Watu wengi huweka skrini mbili zikiachana sawa kwa sawa, mpaka wa fremu ukiwa mbele ya pua. Mpangilio huo unafaa tu kwa mtu anayezitumia zote mbili kwa kiwango sawa, na hata hivyo zikunjwe kidogo kuelekea kwake. Kwa anayeandika kwenye moja na kuchungulia nyingine, anashinda saa nane shingo ikiwa imegeuka. Skrini ya kazi ikae mbele yako barabara, pamoja na kibodi, na ile ya kuchungulia ikae ubavuni ikiwa imeinamishwa kuelekea kwako.

Umbali uwe sawa na urefu wa mkono ulionyooshwa, takribani sentimita 50 hadi 70, na ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini kidogo. Wanaovaa miwani ya sehemu mbili washushe zaidi, la sivyo watainua kidevu siku nzima wakitafuta sehemu ya kusomea. Kipakatalishi kikitumiwa kama skrini mojawapo, kiinue juu ya vitabu vinene na uongeze kibodi ya kando. Dirisha la chumba liwe ubavuni mwako. Likiwa nyuma yako jua litajichora kwenye vioo, na likiwa mbele litakuumiza macho.

Mipangilio ya ndani ni mepesi. Katika Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, uchague kupanua badala ya kurudufu. Kisha ingia kwenye mipangilio ya skrini, uburute vile vijisanduku vyenye nambari hadi vifuatane kama skrini zilivyo mezani. Usipofanya hivyo, kipanya kitagonga ukuta upande wa kulia na kuibukia kushoto, na utadhani kimeharibika. Ukibonyeza Windows, Shift na mshale kwa pamoja, dirisha hurukia skrini ya pili bila kuburutwa.

Je, stima? Skrini ya inchi 24 yenye taa za LED hula wati 20 hivi. Ikiwaka saa nane kwa siku 22 za kazi, inamaliza yuniti tatu na nusu za umeme kwa mwezi. Zile nzee zenye taa nyembamba zinaweza kula mara mbili ya hapo, na bei yake iliyopunguzwa ihesabiwe pamoja na tokeni.

Umeme unapokatika ghafla, betri ya UPS ndogo ihudumie tarakilishi na ile skrini ya kazi pekee. Ya pili ichomekwe kwenye soketi ya kawaida. Kwa njia hiyo utapata dakika za kutosha kuhifadhi faili na kuzima kwa utaratibu. Ile ya pili ing'oe ukutani mara moja, kwa maana umeme ukirudi huweza kuja na kishindo.