Sauti ya babu isiozee kwenye kaseti

Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Mtoto wa Morogoro aliyezaliwa miaka 30 baadaye bado anamsikia kwenye simu, kwa sababu nyimbo zake zilirekodiwa, zikatunzwa, kisha zikahamishiwa kwenye kompyuta.

Babu wa Bigwa aliyesimulia hadithi kwa Kiluguru mbele ya redio kaseti hana studio ya kumtunzia sauti. Ana familia yake tu, na kanda moja.

Kanda hiyo haidumu milele. Ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku, na unyevu wa mvua za Uluguru huuletea ukungu. Kanda yenye ukungu usiicheze: inaweza kukatika, na vumbi lake si zuri kwa mtoto mwenye pumu. Mpelekee fundi.

Kama ni nzima, unganisha redio na kompyuta kwa waya kupitia tundu la hedifoni, kisha rekodi kwa programu ya bure kama Audacity. Kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 60, hivyo tenga muda. Weka nakala mbili, sehemu mbili tofauti, na kanda usiitupe.

Kabla ya kuirusha mtandaoni, isikilizeni kwanza pamoja na bibi. Kanda za zamani zina vilio vya msibani, ugomvi wa mashamba, hata mambo ya unyago. Nyingine zinatosha kubaki kwenye kundi la WhatsApp la familia. Bibi akisema hii isitoke nje, isitoke.