Tui la Pili la Televisheni ya Chogo

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na asiyekuwa na king'amuzi akabaki akitazama chenga. Miji mingine ya Tanzania ikafuata kwa awamu, Kenya ikamaliza kazi hiyo mwaka 2015, na mazungumzo ya vibarazani yakawa ni bei ya king'amuzi na nani amelipia kifurushi. Miezi michache kabla ya usiku ule wa Desemba, waandishi wa programu huria, Antti Palosaari wa Ufini akiwa miongoni mwao, walikuwa wamegundua siri ya kidude kimoja cha bei nafuu chenye umbo la flashi. Kilitengenezwa ili kompyuta ipokee televisheni ya dijitali. Lakini chipu iliyomo ndani yake, RTL2832U, ilikubali kuamriwa iache kuchambua chochote na ipitishe tu vipimo vya mawimbi jinsi ilivyoyapima. Kidude kilichozaliwa kuizika analojia kikawa njia rahisi kuliko zote ya kuipasua na kuyaona matumbo yake.

Tangu hapo kidude hicho kimesifiwa kwa jambo ambalo si sifa yake, kwamba kinaigeuza kompyuta kuwa televisheni ya chogo. Kwa kazi hiyo chogo la mtumba linakishinda kwa mbali. Faida ya redio ya programu, yaani redio ambayo kazi ya kuchambua mawimbi inafanywa na programu ya kompyuta, iko kwingine. Katika televisheni ya zamani, uamuzi wa nini kichukuliwe katika mawimbi na nini kitupwe ulifanywa mara moja kiwandani, ukafungiwa ndani ya sanduku. Katika redio ya programu uamuzi huo unaahirishwa mpaka mawimbi yawe yameshahifadhiwa, na unaweza kurudiwa kesho kwa akili nyingine. Mpishi wa pwani anaijua tofauti hii vizuri: aliyeweka machicha yake anaweza kukamua tui la pili, na aliyeyamwaga hana la kukamua.

Ili hoja hii ieleweke, tuanze na picha yenyewe jinsi inavyosafiri. Mfumo wa PAL, uliobuniwa na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken huko Ujerumani na kutumika kwetu kwa miongo mingi, hauisafirishi picha ikiwa nzima. Huikata katika mistari 625 na kuirusha mstari mmoja baada ya mwingine, picha 25 kila sekunde. Hiyo ni mistari 15,625 kwa sekunde, kila mmoja ukichukua mikrosekunde 64. Mwangaza wa kila nukta huwa ni nguvu ya wimbi kwa wakati ule: sehemu nyeupe hurushwa kwa nguvu ndogo, nyeusi kwa nguvu kubwa, na mwanzo wa kila mstari hutiwa mpigo mfupi wenye nguvu kupita hata weusi. Mpigo huo hautazamwi na mtu. Ni kama kofi la kiongozi wa ngoma, la kumwambia mpokeaji kwamba mstari mpya umeanza. Rangi hukaa pembeni, megahezi 4.43 juu ya wimbi linalobeba picha, na sauti iko mbali zaidi, kwenye megahezi 5.5. Vyote hivyo hupangwa ndani ya chaneli moja yenye upana wa megahezi 8 katika masafa ya UHF.

Sasa chukua mfano wa deki ya zamani ya VHS. Tundu lake la antena hutoa chaneli ndogo ya televisheni, mara nyingi karibu na chaneli ya 36, ambako wimbi la picha liko kwenye megahezi 591.25. Iunganishe kwa waya na kidude chetu (kwa waya, si kwa antena, maana kurusha mawimbi hewani bila leseni ni kosa) na utakuwa na maabara kamili. Kidude huyateremsha masafa hayo, kisha huyapima takriban mara milioni 2.4 kila sekunde bila kukosa pumzi. Kila kipimo ni namba mbili, ili kompyuta ijue ukubwa wa wimbi na pia mahali lilipofika katika mzunguko wake. Kwa upimaji wa namna hii, upana wa dirisha unalingana na idadi ya vipimo: vipimo milioni 2.4, dirisha la megahezi 2.4. Hapo tatizo linajitokeza lenyewe. Picha peke yake inahitaji megahezi 5, rangi iko nje ya dirisha, na sauti iko nje kabisa. Kila mstari wa picha unapata vipimo visivyofika 154, pamoja na vile vinavyoangukia kwenye mpigo na mapumziko yake.

Kwa hiyo lazima mtu achague, na kuchagua huko ndiko kutega masafa kwa maana yake halisi. Ukiliweka dirisha lako wimbi la picha likiwa katikati yake, nusu ya nafasi inakwenda upande wa chini, ambako hakuna habari mpya. Unabaki na megahezi 1.2 za upande wa juu, zinazotosha nukta 125 hivi kwa mstari: uso wa mtu utautambua, jina lake lililoandikwa chini hutalisoma. Lisogeze dirisha juu, wimbi la picha likae karibu na ukingo, na utapata kama megahezi 2, yaani nukta 200 na ushei. Kidude kilekile, deki ileile, picha tofauti. Televisheni kamili ilipata nukta 520 hivi, kwa hiyo bado tuko kwenye ukungu wa rangi ya majivu. Lakini ukungu huu unafundisha jambo ambalo skrini safi ililificha: ubora wa picha ni upana wa mawimbi uliyokubali kuyapokea, wala hakuna programu inayoweza kubuni kilichobaki nje ya dirisha.

Baada ya kutega huja kuchuja, na hapa ndipo utamu ulipo. Chujio la namba halina koili wala kapasita. Ni orodha ya namba, pengine 60 au 100. Kompyuta huchukua kipimo na majirani zake, huzidisha kila kimoja kwa namba yake katika orodha, hujumlisha, kisha husogea hatua moja na kuanza upya. Badilisha orodha, umebadilisha chujio. Televisheni ilihitaji chujio la ajabu kidogo. Wimbi linapobebeshwa picha huota mbawa mbili zinazofanana, moja juu ya masafa yake na nyingine chini. Ili kubana nafasi, mitambo ya kurushia matangazo ilikata sehemu kubwa ya ubawa wa chini na kubakiza megahezi 0.75 tu. Matokeo yake, vitu vikubwa katika picha, kama anga au ukuta, vilivyo karibu na wimbi la kati, humfikia mpokeaji mara mbili, na vitu vyembamba, kama nywele na maandishi, humfikia mara moja. Ukichuja kwa ukingo wima, picha inakuwa nzito na butu. Dawa yake ni mteremko: chujio lipitishe nusu tu penye wimbi lenyewe, lipande taratibu hadi kupitisha yote juu yake, na lishuke hadi sifuri chini yake. Nusu na nusu zikikutana zinatoa moja. Ndani ya chogo kazi hiyo ilifanywa na kipande cha fuwele kilichochongwa kiwandani, na fundi wa mtaani aliweza kukibadilisha kwa kingine kama hicho, wala si kukifundisha tabia mpya. Kwenye kompyuta mteremko huo ni namba chache ambazo mwanafunzi anaweza kuzichezea jioni moja.

Kuna pia suala la saa. Fuwele ya bei ya chini inayoongoza vipimo inaweza kukosea kwa sehemu 50 katika milioni. Ni kosa dogo kwa anayesikiliza redio, lakini katika picha linamaanisha mikrosekunde 50 kila sekunde, karibu urefu wa mstari mzima. Picha italala upande na kuteleza pembeni bila kukoma. Programu haina budi kuutafuta ule mpigo wa mwanzo wa mstari, ambao kwa kasi yetu una vipimo kama 11 tu, na kuipanga mistari upya kwa kuufuata. Hapa ndipo unapoona hekima ya wahandisi wa zamani: kwa kuwa mpigo ndio wenye nguvu kuliko vyote, unaonekana hata picha inapozama kwenye chenga.

Mwenye shaka atauliza kama haya si mazishi ya pili ya kitu kilichokwisha kufa. Analojia haijafa yote. Droni nyingi za mashindano bado hurusha picha ya analojia kwenye masafa ya gigahezi 5.8, kwa sababu haicheleweshi picha na hufifia taratibu badala ya kukatika ghafla. Swali lenye uzito zaidi ni la mhandisi: je, programu inaweza kila kitu? Haiwezi. Kidude chetu kina ngazi 256 tu za kupimia. Kituo kikubwa cha FM kilicho jirani kikivamia mlango wake, ngazi zote huliwa na mgeni huyo, na picha dhaifu haipati hata moja. Vilevile mawimbi yaliyo nje ya dirisha, yasipozuiwa kabla ya kupimwa, hujikunja na kuingia ndani yakiwa yamevaa masafa ya uongo, na yakishachanganyika hayatenganishiki. Chujio la waya na fuwele linabaki na kazi yake pale mlangoni. Programu inatawala kilichopimwa vizuri.

Ndiyo maana matunda makubwa ya fikra hii ya kuhifadhi kwanza na kuchuja baadaye yamepatikana mahali pasipo antena kabisa. Mkanda wa VHS ni kituo cha redio kilicholala ndani ya plastiki: katika PAL, mwangaza umeandikwa kama wimbi linalopanda na kushuka kati ya megahezi 3.8 na 4.8, na rangi imeshushwa hadi kilohezi 627 hivi. Mtu atasema kwamba kuna vifaa vya bei nafuu vya kunakili mikanda kwa USB, na ni kweli. Ila vifaa hivyo hupokea picha baada ya deki kuichuja kwa mizunguko yake ya miaka ya 1990, na mkanda ukiwa umekunjamana hupoteza mwendo na kuruka picha. Njia ya pili ni kwa fundi kuunga waya karibu na vichwa vya deki, kuhifadhi wimbi lenyewe likiwa ghafi, na kuiachia programu kazi ya kuchuja. Kwa diski za leza njia hiyo imeshathibitika. Mwaka 1986 BBC ilitoa diski za mradi wa Domesday, picha ya maisha ya Uingereza nzima, na baadaye mashine za kuzisoma zikawa adimu. Watu wa programu huria walitengeneza chombo kinachopima wimbi la diski mara milioni 40 kwa sekunde, na leo picha zake hutolewa kwa hesabu tupu.

Gharama ipo, na si ya kufichwa. Vipimo milioni 40 vya baiti moja moja ni gigabaiti 144 kwa saa kabla ya kubanwa, ambapo DVD ya kawaida hubeba 4.7. Hakuna anayehitaji kuweka hivyo kila filamu ya kukodi iliyopita sebuleni. Lakini Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara ilianza kupata stesheni zake mwaka 1994, na katikati ya hapo ngoma, hotuba, maulidi na harusi nyingi ziliandikwa kwenye mikanda isiyo na nakala. Kwa mikanda ya namna hiyo, kunakili mara moja kwa chujio baya na kutupa asili ni uamuzi usiorudi nyuma, na diski ya kuhifadhia ni rahisi kuliko majuto.

Aliye na mikanda ya aina hiyo aangalie kwanza deki yake, na kama bado inazunguka asiipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kompyuta na programu zitazidi kuwa bora kila mwaka. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho inayojulikana kutengeneza deki za VHS, iliacha kuzitengeneza Julai 2016.