Wavulana wa Paris na Kipimo cha Shaka

Katika taaluma ya takwimu, uwiano ni sehemu ya kundi yenye sifa fulani, kama vile wavulana miongoni mwa watoto waliozaliwa, na tatizo la msingi ni kujua kwa kiasi gani uwiano ulioonekana daftarini unaweza kuchukuliwa kuwa ndio uwezekano wenyewe, yaani tabia ya kudumu ya jambo hilo hata kwa wale ambao hawakuhesabiwa.

Mwaka 1710 John Arbuthnot, tabibu wa Malkia Anne wa Uingereza, alipitia rekodi za ubatizo za London za miaka 82, akakuta kwamba kila mwaka wavulana waliwazidi wasichana, jambo ambalo, kama nafasi zingekuwa sawa, lingekuwa gumu kutokea kama sarafu kuangukia upande mmoja uliotajwa mara 82 mfululizo. Aliamua kwamba hiyo ni kazi ya Mungu, hitimisho lililozidi uwezo wa hesabu yake, kwani, kama mwanahisabati Nicolas Bernoulli alivyoonyesha baadaye, kete ya nyuso 35, zikiwemo 18 za kiume na 17 za kike, ingeleta matokeo kama hayo bila muujiza.

Mfaransa Pierre-Simon Laplace alikwenda mbali zaidi, akilinganisha daftari za sehemu mbalimbali za Ufaransa. Katika mji mdogo wa Vitteaux, uliozaa wasichana 212 na wavulana 203 kwa miaka mitano, uwiano wa wavulana ulikuwa asilimia 48.9, na mtu angeweza kudhani kwamba huko maumbile yamegeuka. Wataalamu wa leo hupima shaka hiyo kwa kosa sanifu, linalopatikana kwa kuzidisha uwiano wa wavulana kwa ule wa wasichana, kugawanya kwa idadi ya watoto wote, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Kwa Vitteaux jibu ni kama asilimia 2.5, na ukienda makosa sanifu mawili kila upande unapata masafa ya imani ya kuanzia 44 hadi 54, ambamo 51, uwiano wa kawaida wa wavulana, inaenea bila taabu. Njia hii hunasa thamani ya kweli takriban mara 95 kati ya 100. Hiyo 95 ni sifa ya njia, si ya jibu moja, ingawa hata wasomi huchanganya mambo hayo.

Paris, yenye wavulana 251,527 na wasichana 241,945 kati ya 1745 na 1770, hutoa asilimia 50.97 na kosa sanifu la 0.07 tu, kiasi kwamba bahati haiwezi kusingiziwa.

Hata hivyo, Paris ilikuwa na wavulana 26 kwa wasichana 25, ilhali kwingineko Ufaransa walikuwa 22 kwa 21. Laplace aligundua kwamba daftari za jiji zilijumuisha watoto waliotelekezwa, na kwamba miongoni mwa watoto hao wazazi wa mashambani walipeleka wavulana wachache kuliko ambavyo uwiano wa kawaida wa kuzaliwa ungetarajiwa kuleta. Alipowaondoa, Paris nayo ikarudi kwenye 22 kwa 21.