Dosari za Vyambo vya Plastiki na Tiba Zake

Mnamo mwaka wa 1949, Nick Creme wa mji wa Akron, Marekani, alibuni nyungunyungu wa plastiki laini wa kuvulia samaki. Hadi leo, baadhi ya wavuvi wa nchi hiyo hujitengenezea vyambo vya aina hii nyumbani. Huipasha moto plastisoli, yaani uji wa plastiki, hadi takriban nyuzi 175 za Selsiasi, kisha huisukuma kwa bomba ndani ya kalibu ya alumini.

Kila dosari hudokeza chanzo chake. Mkia wa chambo usipojaa, aghalabu plastiki imepoa mapema au hewa imenaswa. Dawa ni kuipasha kalibu joto kidogo na kuichongea kijia chembamba cha kutolea hewa. Chambo kikibonyea, plastiki imenywea ilipokuwa ikipoa. Bomba liendelee kukandamizwa kwa sekunde kadhaa. Viputo huashiria hewa au unyevu. Kalibu sharti iwe kavu kabisa, kwani tone la maji hugeuka mvuke na kurusha plastiki ya moto.

Kosa la hatari zaidi ni kutibu kila dosari kwa kuongeza moto. Plastiki inayogeuka manjano imeanza kuungua, na ikiendelea hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo huwasha macho na kudhuru mapafu. Hivyo basi, kipimajoto, miwani ya kukinga macho na mahali penye hewa ya kutosha hutangulia bomba.