KOMPYUTA ISIYOLIJUA JINA LA ONDUPARAKA

Askari aketiye mbele ya kompyuta na kuandika ya kwamba doria iliondoka Onduparaka alfajiri, ataona mara jina hilo limepigwa mstari mwekundu chini yake. Onduparaka anaijua kila mkaaji wa Arua, na tangu mwaka 2016, klabu yake ya kandanda ilipopanda hadi Ligi Kuu, yajulikana Uganda nzima. Lakini kwa mashine jina hilo ni kosa la uandishi. Vivyo hivyo Koboko, Vurra na Oraba. Makarani wengi wakishachoshwa na mistari hiyo huuzima ukaguzi wote, na tangu siku hiyo hati zao hutoka bila mkaguzi.

Sisi hatuafiki hatua hiyo. Jina la kijiji lililoandikwa kwa namna mbili katika maelezo ya shahidi mmoja ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili. Mashine yaweza kufundishwa majina yetu, na kazi hiyo haichukui hata nusu saa.

Kwanza tuelewe inavyofanya kazi. Programu itumikayo mahali pengi duniani kukagua uendelezaji wa maneno ni Hunspell, iliyobuniwa na László Németh wa Hungaria. Lugha ya kwao hurundika viambishi kwenye shina la neno, kama ifanyavyo lugha yetu. Shina moja tu, «pig», hutupa alipiga, hakupiga, tumempiga, watakapopigwa, na mengine mengi mno. Kwa sababu hiyo Hunspell hutumia mafaili mawili: moja lenye mwisho wa .dic, ambalo ni orodha ya maneno, na jingine lenye mwisho wa .aff, ambalo ni kanuni za viambishi. Orodha ya Kiswahili ni kazi ya Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya, na huitwa sw_TZ. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili.

Atumiaye LibreOffice hana budi kuhakikisha kwamba Kiswahili kimechaguliwa kuwa lugha ya hati. Lugha huonekana chini kabisa ya skrini, na hubadilishwa hapohapo. Kisha abonyeze kitufe F7. Sheria zetu zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hati ya polisi mara nyingi huchanganya lugha mbili. Kifungu cha Kiingereza kichaguliwe peke yake na kupewa lugha yake, la sivyo ukurasa mzima utakuwa mwekundu.

Wale wapangao chapa kwa TeX, mtambo wa Donald Knuth unaopanga vitabu na miongozo kwa unadhifu wa kupendeza, wana kazi zaidi kidogo. Katika TeXworks, mafaili yote mawili ya sw_TZ huwekwa ndani ya folda iitwayo dictionaries, na juu kabisa ya hati huandikwa mstari huu:

% !TeX spellcheck = sw_TZ

Faili likifunguliwa upya, ukaguzi huanza wenyewe. Faili la .dic ni maandishi matupu, hivyo karani aweza kulifungua na kuongeza majina, kila jina katika mstari wake, kisha arekebishe ile idadi iliyo katika mstari wa kwanza. Jina liandikwe kwa herufi kubwa mwanzoni: Onduparaka. Hapo ONDUPARAKA ya kichwa cha habari itapita pia, ila onduparaka yenye herufi ndogo itakamatwa, nasi twaona hiyo ni faida.

Iko alama moja isumbuayo kuliko zote, nayo ni ile ya ng'ombe. Kibodi hutoa alama iliyonyooka. Programu nyingi huigeuza ikawa iliyopinda. Ikiwa kanuni za .aff hazikueleza kwamba alama hizo mbili ni moja, ng'ombe aliyeibwa ataripotiwa kuwa neno lisilojulikana. Kilugbara nacho hutumia alama hiyohiyo kabla ya b, d, w na y, kwa hiyo katika West Nile shida hii si ya ng'ombe peke yake. Dawa ni kuongeza katika faili la .aff kanuni ya ICONV, inayoiambia mashine isome alama iliyopinda kama iliyonyooka.

Walakini hayo yote hayamfanyi mashine kuwa msomaji. Tuchukue taarifa isemayo: «Doria ilishambulia karibu na Oraba.» Karani alikusudia «ilishambuliwa». Herufi moja imeanguka, na walioviziwa wamegeuka wavamizi. Hakuna mstari mwekundu, kwa kuwa maneno yote mawili ni Kiswahili safi. Amri ya «msivuke mto» ikipoteza silabi moja huwa «mvuke mto», na hapo pia mashine itanyamaza. Kwa hati za namna hii, afisa atiaye sahihi asome kwa sauti nakala iliyochapwa kwenye karatasi, na mwingine afuatilie katika mswada.

Lipo na suala la nani aruhusiwe kuongeza maneno. Akiongeza kila mtu, haitapita muda Ondupalaka itaingia orodhani, na tangu hapo kosa hilo litapita daima likiwa na kibali cha mashine. Ni afadhali karani mmoja akabidhiwe orodha, ailinganishe na ramani pamoja na majina rasmi ya tarafa, kisha faili hilohilo linakiliwe katika kompyuta za Arua na za Koboko, ili vituo viwili vinavyoandikiana juu ya kijiji kimoja viandike jina moja.